Mtoto anaijua familia yake akiwa kwenye nyumba ya watu: tuongelee riwaya za watoto wanaokua

MLETA UZI:

Wakuu salama? Uzi huu ni mrefu ila naomba wenye watoto wa darasa la sita mpaka fomu foo mvumilie.

Mi nafundisha Kiswahili sekondari hapa Moshi, na Jumamosi nakaa na vijana wachache tunasoma riwaya tu, hakuna pepa hakuna notisi. Tunasoma zile riwaya za mtoto anayekua, yani anaanza kitabu hajui kitu, anamaliza anajua baba yake ni mtu wa namna gani na watu wa pale kwao wanaishije, nani anamdai nani, nani anaogopwa na kwanini. Kuna kitu nimekiona humo ambacho darasani hakipati nafasi kwasababu darasani tunakimbizana na hoja tatu kwa kila riwaya, dhamira, wahusika, ujumbe, kengele imelia.

Kitu chenyewe ni hiki. Karibu riwaya zote za aina hii mtoto hapati kuijua familia yake akiwa nyumbani kwao. Anaijua siku anapopelekwa kukaa kwenye nyumba nyingine. Nyumbani kila kitu ni cha kawaida, baba akifoka ni kawaida, mama akinyamaza ni kawaida, hujui kama kuna namna nyingine ya kuishi. Akifika kwa shangazi, kwa baba mkubwa, kwa tajiri aliyemchukua, ndo anaanza kulinganisha, na akianza kulinganisha tu basi utoto umeshaanza kuisha.

Chukueni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka 1994, yeye akapata Nobel 2021, na 2022 tukaipata kwa Kiswahili, kaitafsiri Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaitoa. Yusuf ana miaka kumi na mbili, baba yake ana kihoteli kwenye mji mdogo wa bara ambao Wajerumani walipokuwa wanajenga reli ulichangamka, reli ilivyosogea mbele mji ukabaki mtupu. Kuna tajiri anaitwa Aziz huwa anapita pale, mtoto anaambiwa ni ndugu, na kila akiondoka anamwachia sarafu. Mtoto anapenda huyu mgeni aje. Kuna nyama siku hiyo, kuna sarafu. Halafu siku moja anaambiwa fungasha, unasafiri naye. Anaenda kwa furaha ya treni kabisa. Kufika pwani, kule dukani, anamkuta kijana mwingine, Khalil, na huyu ndo anamfungua macho, kwamba yule sio ndugu yako, baba yako ana deni, wewe ndo deni lenyewe.

Sasa angalieni ujanja wa mwandishi. Angeweza kutuonyesha baba na Aziz wamekaa wanapiga hesabu mlango umefungwa. Hajafanya hivyo. Sisi wasomaji tunajua alichokijua mtoto tu, harufu ya nyama na sarafu, kwahiyo Khalil anavyosema ile habari inatuuma na sisi, tunarudi nyuma kukumbuka zile ziara zote na zinageuka sura. Ile sarafu inageuka sura. Vijana wangu walinyamaza pale, na hawa ni watoto ambao kunyamaza hawakujui.

Na kwa watu wa huku nasema hivi, sehemu ya pili ya kitabu Yusuf anaachwa kwenye mji ulio chini ya mlima mkubwa wenye theluji, anakaa kwa mfanyabiashara anaitwa Hamid na mkewe. Someni hiyo sehemu mkiwa Moshi, mtaelewa nasema nini. Pale anaishi nyumba ya tatu sasa, anaona wenyeji wake nao wana hofu zao za pesa, watu wazima ambao kwa nje wamesimama vizuri. Ndo anavyokua, nyumba baada ya nyumba, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayemkalisha chini kumweleza.

Ya pili ni ya Zimbabwe, Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga, 1988. Hii nawaambieni ukiisoma ukiwa umezaliwa Rombo au Old Moshi utadhani kaandika jirani yenu. Kuna binti, Tambu, wazazi maskini kijijini, na kuna baba mkubwa aliyesoma Uingereza, mkuu wa shule ya misheni, ndo anayelipa ada za ukoo mzima. Akija kijijini watu wanapanga mstari wa heshima, wanaimba, wanachinja. Mnamjua huyo mtu. Kila ukoo huku unaye, anaingia Desemba na gari imejaa vumbi na mchele na soda, na mikutano yote ya familia inamsubiri yeye.

Tambu anataka kusoma lakini ada ipo ya kaka yake tu. Analima mahindi yake mwenyewe apate ada, kaka mtu anamwibia. Halafu kaka anafariki, na kitabu kinaanza kwa yeye kusema kwamba hakusikitika. Sentensi ya kwanza kabisa! Kwasababu kifo kile ndo kilimpa yeye nafasi ya kwenda kusoma kwa baba mkubwa. Vijana walikasirika sana, mtoto gani huyu hana roho, nikawaambia endeleeni. Kufika kule misheni anaona nyumba ina kila kitu, na anaona yule mungu wa ukoo akiwa nyumbani kwake anampiga binti yake Nyasha kwa kuchelewa kurudi usiku. Na anaona mama mkubwa, mwanamke mwenye digrii ya juu, mshahara wake hauoni. Hapo Tambu anaelewa kitu kuhusu mama yake mwenyewe aliyemwacha kijijini, kwamba kumbe shida ya mama haikuwa umaskini peke yake. Asingekijua kule kijijini hata angekaa miaka hamsini.

Nyingine nazitaja haraka. Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie, 2003, Kambili ana miaka kumi na mitano, baba yake anasifiwa kanisani na mjini kwa kusaidia watu, ndani anawapiga mkewe na watoto, mtoto akiwa wa pili darasani ni kesi. Anapelekwa kwa shangazi Nsukka, nyumba ndogo, maji ya shida, lakini watoto wanaongea mezani na wanacheka kwa sauti. Hicho tu! Kusikia watu wanacheka wakiwa wanakula ndo kunamfundisha kwao kukoje.

Na To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, 1960, ya Marekani kule Alabama. Watu wote wanaongelea ile kesi mahakamani, baba yake Scout anamtetea mtu mweusi aliyesingiziwa kubaka. Mi nawapeleka vijana kwenye siku moja ambayo wengi wanaipita, baba hayupo, mama yao alishafariki, dada wa kazi wao Calpurnia anawachukua Jumapili kwenda kanisani kwake, kwa watu weusi. Wale watoto wamelelewa na huyu mama toka wadogo, wanakuta ana watu wake, anaongea tofauti na anavyoongea nyumbani kwao, ana mtoto mkubwa anayeongoza nyimbo pale, anataja mstari na watu wanaurudia kwasababu wengi hawajui kusoma. Scout ndo kwa mara ya kwanza anawaza kumbe Calpurnia ana maisha yake. Sasa nauliza wana Arusha na Moshi, ni watoto wangapi humu majumbani wamelelewa na dada miaka mitatu minne na hawajui kwao ni wapi, anaitwa nani jina la ukoo, mama yake yupo hai au la? Niliwauliza vijana wangu, wakaangaliana.

Karibuni, tupeane na nyingine mnazozijua.

MDAU WA SAKINA:

Mwalimu umeandika vizuri ila mi nina wasiwasi na hivi vitabu. Mtoto wa miaka kumi na nne unampa kitabu kinachomwambia baba yako mnafiki, baba mkubwa wako dikteta, si unamfundisha kudharau wakubwa? Sisi tumekuzwa hatujui mambo ya wazazi na tumekua vizuri tu. Kuna mambo mtoto anatakiwa ayajue akishakuwa mtu mzima. Ile riwaya ya Rosa Mistika si ilipigwa marufuku mashuleni, unadhani waliopiga walikuwa wajinga?

MLETA UZI:

Kaka asante, nakujibu kwa kirefu maana hii hoja ndo wazazi wengi wananiletea.

Kwanza heshima. Kambili hajaacha kumpenda baba yake mpaka mwisho, na ndo kinachofanya kitabu kiume hivyo. Tambu anaendelea kumshukuru baba mkubwa kurasa na kurasa hata baada ya kumwona alivyo. Hawa watoto hawatoki kwenye vitabu na dharau, wanatoka wamejua mambo mawili kwa pamoja, kwamba huyu mtu ananipenda na huyu mtu anakosea. Mtu mzima anayeweza kushika hayo mawili kwa pamoja hayupo mwingi hata huku kwetu, angalieni mikutano ya familia ya mirathi ilivyo.

Pili Rosa Mistika. Ni kweli, Kezilahabi aliitoa 1971 ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kuruhusiwa, na mi simpi mtoto wa darasa la saba, hiyo tunakubaliana. Lakini soma kinachotokea mle. Baba, Zakaria, mlevi, ila kwa binti yake ni mkali wa kutisha, barua moja ya mvulana imemletea Rosa kipigo cha kukumbukwa. Binti anakua hajui mwanaume ni mtu wa namna gani zaidi ya baba yake. Anakuja kwenda chuo Morogoro yupo peke yake, hakuna fimbo, hakuna aliyewahi kumweleza kitu, na anaangamia. Kezilahabi hakuandika kwamba Rosa alijua mengi mapema. Kaandika kwamba alifungiwa, mlango ulipofunguliwa ulifunguka wote kwa siku moja.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980, ni hivyo hivyo. Maimuna binti wa Bwana Maksuudi, baba ni mtu wa heshima kubwa nje, binti ndani haruhusiwi kutoka wala kuonana na watu. Siku anatoka, anatolewa usiku, anaangukia mikononi mwa watu wenye visasi na baba yake. Visasi ambavyo hakuwa anavijua kabisa! Watu wa nje wanamjua baba yake kuliko yeye anavyomjua. Hiyo ndo hatari yenyewe kaka, mtoto asipojua mambo ya nyumbani kwao haina maana hayapo, ina maana watu wengine wote wanayajua isipokuwa yeye.

Kwahiyo mi naona kitabu ni nyumba ya watu ambayo mtoto anaweza kwenda na akarudi jioni salama. Umesema mlikua vizuri bila kujua, nakuamini, ila mliishi kwenye ukoo, mlitumwa, mlilala kwa bibi, mlilala kwa mama mdogo, mlikuwa mnaona nyumba nyingi. Mtoto wa huko Sakina, Arusha, sasa hivi geti, gari la shule, tuisheni, geti. Nyumba nyingine anaiona kwenye simu tu.

MDAU WA NGARENARO:

Bodingi umeisahau. Mi nilijua kwetu ni maskini siku ya kwanza bwenini, watu walipofungua matranki. Nyumbani nilikuwa naona tuna kila kitu.

MLETA UZI:

Hii umeimaliza kwa mistari miwili, riwaya nzima ipo hapo.

MDAU WA MACHAME:

Mwalimu hii ya nyumba ya watu imenigusa, mi nilikuwa napelekwa kwa bibi kila likizo ndefu. Nikiwa kama darasa la tano hivi, mchana tunapika mtori, wazee wapo chini ya mgomba na mbege, ile pombe ya ndizi, wanaongea Kimachame wakijua sisi watoto wa mjini hatusikii. Mi nilikuwa nasikia, bibi alikuwa ananifundisha. Walikuwa wanagawana kihamba, yani shamba la ukoo, huyu mkubwa kule, kitinda mimba abaki na nyumba ya babu kama kawaida, na shangazi yangu ambaye ndo alikuwa anamuuguza babu siku zote hakutajwa kabisa, hata mara moja. Shangazi alikuwa pale pale anawamiminia. Sijamwangalia baba yangu kwa macho yale yale tena, na nampenda. Kuna riwaya ya namna hii?

MLETA UZI:

Dada yangu, hii uliyoandika ndo riwaya. Ile ya shangazi kuwamiminia wakati hatajwi usimpe mtu, iandike mwenyewe.

Ya kihamba mi sijaikuta. Iliyo karibu na hiyo ni Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, 1964. Njoroge ni mtoto mdogo, furaha yake ni kwamba mama kasema ataenda shule, watoto wote wa familia yeye peke yake. Usiku baba yake, Ngotho, anawasimulia ardhi ilivyokuwa yao na ilivyochukuliwa, na kumbe shamba lile ambalo kila siku baba anaamkia kibarua kwa mzungu Howlands ndo shamba la mababu zake. Mtoto anasikiliza kama hadithi. Ila kaka mtu, Boro, aliyerudi kutoka vitani, anauliza swali moja, mnawezaje kuendelea kumfanyia kazi mtu aliyewanyang'anya? Baba hana jibu. Njoroge anaona baba yake hana jibu, na toka hapo ile familia inaanza kupasuka. Hapa utaniambia mbona huyu hajaenda nyumba ya watu. Nimewaza sana hilo, na naona nyumba ya watu kwake ni pale pale walipo, maana wanaishi kwenye ardhi ya mtu mwingine, na udongo uliokuwa wao baba anaufanyia kibarua tu.

Na huku kwetu mambo ya kuandikia yamejaa. Ngare Nanyuki, 1951, serikali ya mkoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kwenye ardhi yao wapewe walowezi, nyumba zikachomwa, mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Tunaisoma kwenye historia kama aya moja. Kulikuwa na watoto pale. Kulikuwa na mtoto wa miaka tisa aliyeona baba yake anatolewa ndani na askari, akaenda kulala kwa ndugu upande wa pili wa mlima, akaanza kusikia watu wazima wanaongea. Huyo mtoto kwenye riwaya simjui, namtafuta. Au chukua tu 1989 makubaliano ya kahawa ya dunia yalivyovunjika bei ikaanguka, ada za watoto wa mlimani zilikuwa zinatoka kwenye kahawa, ghafla baba anang'oa mibuni anapanda nyanya na mtoto anashangaa kwanini kaka kaacha shule. Mtoto hajui kitu kinaitwa soko la dunia. Anachojua ni kwamba baba haongei mezani siku hizi.

Nikirudi kwa shangazi yako. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume kwenye ardhi, ipo imeandikwa. Mtoto anayesoma uraia darasani anaijua hiyo sheria, halafu anaenda likizo anaona uliyoyaona wewe. Huo mpasuko, kati ya anachofundishwa na anachokiona chini ya mgomba, ndo mahali riwaya inapokaa.

MDAU WA UNGA LIMITED:

Mnaongelea watoto wenye nyumba mbili tatu za kwenda. Na wale wasio na hata moja? Stendi hapa wamejaa.

MLETA UZI:

Swali zito. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo inakujibu kwa sehemu. Mama anauza chakula, baba mlevi, watoto Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada na sare, na wanaishia jalalani na watoto wengine. Wanachojifunza kule ni mji wote ulivyo, kwasababu taka za mji zinakuambia nani anakula nini. Darasani tunaifundisha kama riwaya ya umaskini na ulevi, hoja moja mbili tatu. Mi nasema ni riwaya ya watoto wanaotolewa nje ya nyumba moja baada ya nyingine, na shule ni mojawapo ya hizo nyumba. Hatuisemi hiyo kwasababu sisi walimu ndo tuliosimama mlangoni.

Na kwa anayetaka safari kabisa kuna Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Kijana kakulia Tanga, mama yake mwimbaji, mama anafariki, analelewa kwa mateso, halafu anashika njia kumtafuta baba asiyemjua mpaka Kitale huko Kenya. Wavulana wanaipenda hii kupita maelezo. Wengi wana swali la baba ambalo hawamuulizi mtu.

MAMA WA KIJENGE:

Mwalimu shikamoo kama umenizidi. Ninaye binti wa marehemu kaka yangu, ana miaka kumi na tatu, kaja kwangu mwaka huu kutoka Same. Mpole mno, hasemi kitu, akiulizwa anasema sawa shangazi. Hapendi kusoma. Nianze na kipi? Asije akaona namsema.

MLETA UZI:

Marahaba mama, na pole sana kwa msiba.

Peponi usimpe kwanza, mtoto aliyehamia kwa ndugu ataona umemwambia kitu. Wala Siku Njema, mle kuna shangazi na mume wake mkatili, iache kwanza. Mpe Takadini ya Ben Hanson, ipo ya Kiswahili, fupi, inasomwa sana mashuleni hivyo haikosekani kwenye maduka ya vitabu mjini, na jaribu maktaba ya mkoa pia. Ni ya mtoto mwenye ualbino, kwao mila inataka asiishi, mama yake Sekai anatoroka naye mpaka kijiji kingine, na kule kuna mzee Chivero anawapokea na anamfundisha mtoto kupiga mbira. Mtoto anakua kwenye nyumba ambayo si ya kwao na inakuwa ya kwao. Watu wa kijiji hawampokei wote, kitabu hakidanganyi hapo, ila yule mzee hayumbi.

Usimuulize umejifunza nini. Hilo swali limeua vitabu vingi nchi hii. Kisome na wewe, kiache mezani, siku moja sema tu mi yule mke mwenzake Sekai simpendi, nyamaza, endelea kuchambua mchele. Atasema mwenyewe akiwa tayari. Akimaliza niambie humu nikupe kinachofuata.

MAMA WA KIJENGE:

Nimekipata mwalimu. Nimeanza kukisoma mimi, nimefika pale Sekai anaondoka na mtoto mgongoni. Binti kaniuliza mbona nimechelewa kuinjika maharage, nikamwambia nasubiri kujua kama huyu mama atafika. Kasema nisomee.